Mashine imesema 14, kisha ikasema 37: niamini ipi?

SWALI: Shikamoo Daktari. Ninapima macho kwenye kliniki ndogo hapa Arusha, si mbali na soko la Kilombero. Mwaka huu tumepewa miwani ya kamera iliyokwishatumika. Ilikotoka walikuwa wanapimia watu wenye kizunguzungu. Nina mtoto wa kiume wa miaka 7 ambaye macho yanamcheza tangu uchanga, na akitaka kutazama kitu vizuri hugeuza uso kushoto. Nilimpima Jumanne, programu ikaandika kasi ya digrii 14 kwa sekunde. Alhamisi nikarudia, ikaandika 37. Mama yake ananiuliza kama ugonjwa umepanda hivyo ndani ya siku mbili, nami sina jibu. Mdogo wangu anayesomea kompyuta anasema programu hiyo imepitwa na wakati, ataandika yake ya akili mnemba na video za simu zitatosha. Nimeambatanisha picha za grafu zote mbili. Niamini ipi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na mama, maana ndiye anayelala na wasiwasi. Mwambie mtoto wake hajazidiwa. Kwa grafu ulizonitumia, macho ya Jumanne na ya Alhamisi ni yale yale. Kilichobadilika ni mahali yalipokuwa yanaelekea na kama kulikuwa na kitu cha kutazama. Mashine haikukosea hesabu hata siku moja. Ilihesabu sawasawa kitu ambacho hukukihitaji.

Nimelijuaje hilo nikiwa Moshi, mtoto akiwa Arusha? Nimetazama mstari kabla ya kutazama namba. Watu wengi wanaopewa mashine hizi hufanya kinyume, kwa sababu namba imeandikwa kwa wino mkubwa na mstari umebanwa pembeni.

Siku utakayopanda Coaster kuja huku, kaa karibu na abiria wa dirishani, mwibie jicho mkishapita Usa River. Anatazama mahindi na nguzo za umeme zikipita. Macho yake yanaserereka pamoja na nguzo hadi yanakaribia kuishiwa nafasi, kisha yanaruka mbele kushika nguzo nyingine, yanaserereka tena, yanaruka tena. Mwenyewe hana habari. Huo ni mchezo wa macho wa mtu mzima asiye na tatizo lolote, nao una sehemu mbili: mserereko wa taratibu na mruko wa haraka. Kwa mtoto wako mchezo ni wa namna hiyo hiyo, ila hakuna gari linalotembea. Macho yanaserereka yenyewe kutoka kwenye kitu anachokitazama, mruko unayarudisha.

Kwa mazoea ya zamani, nistagmasi, yaani huu mchezo wa macho, hupewa jina la upande unakopiga mruko, kwa kuwa mruko ndio unaoonekana kwa macho makavu. Lakini kosa liko kwenye mserereko. Mruko ni fundi tu aliyekuja kurekebisha. Ukilishika hilo utaelewa kwa nini programu yoyote ya maana hutafuta miruko ili iitupe, ibaki na miserereko, ndipo ianze kupima.

Miserereko nayo haifanani. Mtu mwenye hitilafu ya sikio la ndani, jicho lake huserereka kwa kasi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kwenye grafu unaona mstari ulionyooka kama umepigwa rula. Mtu ambaye ubongo wake unashindwa kulishikilia jicho pembeni, kwa mfano aliyelewa pombe au anayetumia dawa ya kifafa kama fenitoini kwa kiwango cha juu, jicho huanza kurudi katikati kwa kasi kisha linapoa, kama mpira unaobingirika ukiishiwa nguvu. Na mtoto aliyeanza na hali hii katika miezi ya mwanzo ya maisha, mara nyingi mserereko wake huanza polepole mno, karibu jicho limetulia, halafu unakaza mwendo. Ni baiskeli iliyoachiwa mteremko wa kutoka Marangu kwenda Himo: mita za kwanza unaweza kutembea nayo sambamba, baada ya hapo uiombee tu.

Sasa chukua picha yako ya Alhamisi, uikuze kuanzia sekunde ya tatu. Kwenye grafu hiyo kulia ni juu, kushoto ni chini. Tazama kila jino la msumeno: linaanza bapa kabisa, linainama kuelekea juu, linazidi kusimama, kisha mruko unalikata kwenda chini. Huo ni mserereko wa kwenda kulia unaoongeza kasi, na mruko wa kushoto. Programu yako imechora juu yake vijistari vyekundu vilivyonyooka, kimoja kwa kila jino. Hapo ndipo ile 37 ilipotoka. Imechukua mwendo unaoanza karibu na sifuri na kuishia zaidi ya 60, ikaupigia rula katikati, ikakupa namba ambayo jicho la mtoto huyo linaipitia kwa kufumba na kufumbua tu. Siilaumu. Iliandikwa kwa ajili ya masikio, na kwa masikio rula ni sahihi. Umempa fundi saa jembe alinoe.

Picha ya Jumanne, juu yake programu imeandika yenyewe kwamba kifuniko cha miwani kilikuwa kimefungwa. Mtoto alikuwa gizani. Kwa kizunguzungu cha sikio tunafunga makusudi, kwa sababu mgonjwa wa sikio akipata kitu cha kukazia macho mchezo hupungua au hupotea, na gizani hufichuka. Kwa nistagmasi ya utotoni mambo mara nyingi hugeuka: macho hucheza zaidi mtoto anapojitahidi kuona, anapoogopa, anapoambiwa "soma herufi hiyo" mbele ya watu. Akisinzia au akikosa cha kutazama, hupoa. Zaidi ya hapo, angalia mstari wa Jumanne umekaa wapi. Haupo kwenye sifuri. Umekaa kama digrii 15 upande wa kulia. Gizani hakuna aliyemwambia atazame wapi, jicho likaenda kukaa linapopenda.

Na hapo ndipo shingo yake inapoingia. Mtoto anayegeuza uso kushoto huku anakutazama wewe, macho yake ndani ya kichwa yameelekea kulia. Amejifunza mwenyewe, bila kufundishwa na mtu, kwamba upande huo macho yake yanatulia. Watu wengi wenye nistagmasi hii wana upande wao wa utulivu, na wa kijana wako ni kulia. Alhamisi ulifungua kifuniko, ukamwekea alama mbele, na nadhani mtu alimshika kichwa kisigeuke. Mkamwondoa kwenye utulivu wake, mkamtaka aone, mkapata 37. Hata mruko wa kushoto unakubaliana na hilo: jicho likiwa kushoto kwa eneo lake la utulivu, miruko hupiga kushoto, likivuka kwenda kulia kwake, hupiga kulia.

Kwa hiyo ukiniuliza niamini ipi, nitakujibu zote, kila moja mahali pake, na hakuna hata moja inayomwambia mama anachotaka kujua. Mama anataka kujua mwanawe anaona kiasi gani.

Nyoosha mkono, tazama ukucha wa kidole gumba. Upana wake ni kama digrii moja na nusu hadi mbili. Sehemu ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, inayosoma maandishi madogo, ile inayoitwa fovea, katikati yake pale penye ukali hasa pana ukubwa wa kama digrii moja, yaani pungufu ya ukucha huo. Picha ya kitu ikianguka nje ya hapo, au ikipita hapo kwa kasi, ukali unapotea. Wataalamu wa fani hii hutumia mipaka miwili: jicho liwe ndani ya nusu digrii kutoka kwenye kitu, na lisitembee zaidi ya digrii 4 kwa sekunde. Muda ambao masharti yote mawili yametimia ndio muda wa kuona. Uliobaki ni ukungu, ingawa ubongo wa mtoto aliyezaliwa hivyo umejifunza kuufuta, ndiyo maana hakwambii kwamba ukuta unacheza.

Yale mabapa madogo mwanzoni mwa kila jino ndiyo hazina ya mtoto huyu. Nimeyapima kwa rula kwenye skrini, kwa hiyo usinishike sana: Alhamisi meno yanakuja kama matatu na nusu kwa sekunde, na kila bapa lina kama milisekunde 80 (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde). Zidisha: kila sekunde moja anapata milisekunde 280 za kuona vizuri. Mtoto mwingine anaweza kuwa na meno matatu na nusu vile vile, yenye kimo kile kile, lakini mabapa ya milisekunde 30. Huyo anapata 105. Ukizidisha kimo kwa idadi ya meno, kama programu nyingi zinavyofanya na kuiita nguvu ya nistagmasi, watoto hawa wawili wanapata alama sawa. Darasani hawako sawa hata kidogo. Mmoja anasoma ubao akiwa dawati la tatu, mwingine anaazima daftari la jirani.

Hili si jambo jipya. Mwaka 1975 Wamarekani wawili, Dell'Osso na Daroff, walichapisha maumbo 12 ya nistagmasi ya utotoni na kuonyesha jinsi kila umbo linavyompa mtu nafasi ya kutuliza jicho kwenye kitu. Baadaye Dell'Osso na mwenzake Jacobs walitengeneza kipimo kinachochukua muda wa bapa na jinsi mabapa yanavyorudia mahali pale pale, kikakadiria uwezo wa kuona. Programu yako haijui habari hiyo, na haina sababu ya kuijua.

Sasa tuje kwa mdogo wako. Mwambie ninampongeza kwa hamu, kisha mwambie akae chini.

Simu ya kawaida hupiga fremu, yaani picha moja moja za video, 30 kwa sekunde, yaani moja kila milisekunde 33. Mruko wa jicho wa digrii 10 hauchukui zaidi ya milisekunde 40 na ushee. Kwa hiyo ule mruko mzima unaangukia fremu moja, ukibahatika mbili. Bapa la milisekunde 80 linapata mbili au tatu. Kwa fremu hizo unaweza kuhesabu meno kwa sekunde bila shida, maana meno matatu au manne si mengi. Umbo la jino huwezi kuliona. Ni kama kusikiliza mahubiri kwa kusikia neno moja katika matano: utajua mhubiri yupo, na huenda hata kwamba amekasirika. Kama simu ina mwendo wa polepole wa fremu 240, hapo tunaweza kuzungumza, kwa sababu mruko utapata fremu kumi hivi.

Mwanga nao una vituko vyake. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho lako halioni, lakini video ya fremu 240 inaona: picha inapumua, inang'aa na kufifia. Programu inayotafuta weusi wa mboni itayumba pamoja nayo na kuandika kwamba jicho limetikisika. Mpige mtoto karibu na dirisha, asubuhi, taa zikiwa zimezimwa.

Halafu macho yetu ni ya kahawia iliyokolea. Kwa mwanga wa kawaida mboni nyeusi ndani ya duara la kahawia nzito ni paka mweusi kwenye jiko la kuni. Kamera za miwani yako hutumia miale ya infraredi, mwanga ambao jicho halioni, na kwa miale hiyo kahawia hung'aa na mboni hubaki nyeusi, ndiyo maana zinafanya kazi. Kwa simu, mdogo wako asihangaike na mboni. Afuate mpaka wa kahawia na weupe wa jicho, kulia na kushoto. Huo kwa watu wetu unaonekana vizuri kuliko kwa Wazungu. Kwa mwendo wa juu na chini mpaka huo unafichwa na kope, asiutegemee.

Kinyume chake ni mtoto mwenye ualbino, ambaye karibu kila mara ana nistagmasi. Kwake mwanga hupenya hadi kupitia lile duara la rangi, unarudi kutoka nyuma ya jicho, na kamera ya infraredi inaweza kukosa kutofautisha mboni na kinachoizunguka. Nimeona rekodi ambayo programu ilikuwa inafuata nywele za kope dakika nzima, kwa uaminifu mkubwa. Hukuniambia kama kijana wako ana ualbino. Kuna aina ambazo ngozi na nywele hazikuonyeshi wazi, kwa hiyo mchunguze hata kama haonekani hivyo.

Naweza pia kukuambia programu ya kujitengenezea inavyoanguka, kwa sababu yangu ilianguka. Miaka ile nilikuwa nimeandika yangu, najivunia. Akaja binti wa miaka 11 anayelalamika kichwa kinauma. Programu ikasema: nistagmasi inayopiga chini. Kwa sisi tunaosoma mambo haya, mruko wa kupiga chini ni taarifa nzito. Hukufanya ufikirie ubongo mdogo wa nyuma na pale fuvu linapokutana na shingo. Nikaandika rufaa ya MRI, kipimo cha picha za ubongo. Baba yake akauza kitu nyumbani, sikumuuliza kitu gani, wakasafiri. Majibu yakarudi safi kama maji ya mlimani.

Nilipokaa na rekodi ile usiku, nikauona upumbavu wangu. Binti alikuwa anapepesa sana kwa sababu chumba kilikuwa na vumbi. Ukope wa juu unaposhuka hufunika mboni kuanzia juu, kwa hiyo kitovu cha sehemu inayobaki kuonekana kinashuka, haraka. Ukope ukifunguka unapanda, lakini kwa mwendo wa pole kuliko ulivyoshuka. Haraka chini, pole juu: umbo la mruko wa chini na mserereko wa juu. Programu ilikuwa imehesabu kupepesa. Tangu hapo kanuni yangu ya kwanza kabisa inatazama eneo la mboni, na likipungua ghafla, inafuta data za pale pamoja na robo sekunde kabla na baada. Mdogo wako asipokuwa na kanuni hiyo, asinionyeshe kitu.

Kuna mtego mwingine ambao watu wa hesabu huuona haraka wakishaonyeshwa. Ili kupata kasi unachukua mahali jicho lilipo sasa, unatoa mahali lilipokuwa, unagawa kwa muda. Tuseme kamera inapiga mara 250 kwa sekunde, na ina mtetemo wake wa kosa la sehemu moja ya kumi ya digrii, kitu ambacho kwenye grafu hukioni. Moja ya kumi katika milisekunde 4 ni digrii 25 kwa sekunde. Za bure! Jicho limetulia tuli, hesabu inasema linakimbia 25, na wewe ulikuwa unatafuta mahali linapokuwa chini ya 4. Kwa hiyo lazima uchuje. Na ukichuja kupita kiasi unajiumiza upande wa pili: wastani wa vipimo 25 vya kamera mfululizo ni milisekunde 100, ndefu kuliko bapa zima la kijana wetu. Umelimeza. Kuchagua kichujio ndiyo kazi yenyewe, na hakuna namba moja inayomfaa kila mtoto. Mimi huchora mstari uliochujwa juu ya mstari ghafi, nikatazama kama pembe za mabapa bado zipo.

Kuhusu akili mnemba sina ugomvi nayo. Inafanya vizuri sana kazi ya kutafuta mboni kwenye picha mbaya, na kutenganisha miruko na kelele, yaani mitikisiko ya uongo ya kamera. Ninaloliogopa ni mdogo wako kuipa video na kuiambia "sema ugonjwa". Tuseme anakusanya video za watoto 12, anazikata vipande 600, anachanganya, anafundishia 500 na kujaribia 100. Atapata usahihi wa kushangaza na atakupigia simu usiku. Lakini vipande vya mtoto yule yule vipo pande zote mbili; programu imekariri nyuso za watoto 12, haijajifunza nistagmasi. Lazima atenge kwa mtoto: aliyefundishia asijaribie. Na kama wagonjwa wote walipigwa kliniki kwa simu yako, wazima wote wakapigwa chuoni kwa simu yake, programu itajifunza kutofautisha simu. Kwa watoto 12 wala asianze. Aandike kanuni za wazi kwanza, zinazoonyesha kila hatua, ili ikikosea mwone imekosea wapi.

Sura ya mtoto mgonjwa kwenye simu ya mwanafunzi pia si jambo la mzaha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mama asaini ridhaa aliyoielewa, na video zibaki kwenye kompyuta ya kliniki, zisizunguke WhatsApp.

Hizo ndizo kelele za mafundi. Wewe una mtoto wa kurudia, kwa hiyo tuongee utaratibu.

Kabla ya kuwasha chochote, muulize mama upya: una hakika ni tangu uchanga? Kuna picha au video za zamani? Kama macho yalianza kucheza baadaye, au mtoto anasema vitu vinatikisika, au mchezo ni wa juu na chini, au jicho moja linacheza kuliko jingine, au kichwa kinatikisika pamoja nayo, au anatapika, anayumba, uwezo wa kuona unashuka, acha mambo ya grafu. Huyo apelekwe kwa daktari bingwa wa macho na wa mishipa ya fahamu. Hospitali ya KCMC hapa Moshi ina idara ya macho, na kutoka kwenu ni safari ya asubuhi. Hata asipokuwa na dalili hizo, kama hajawahi kuchunguzwa nyuma ya jicho na daktari, achunguzwe. Nistagmasi ya utotoni mara nyingi ina kitu nyuma yake kwenye retina au kwenye mshipa wa fahamu wa jicho, na mashine yako haioni huko.

Siku ya kupima fungua kifuniko. Bandika alama ukutani, mtoto akae mita 1 kutoka ukutani: alama ya katikati, nyingine sentimita 17.6 kila upande, hizo ni digrii 10, na nyingine sentimita 36.4, hizo ni digrii 20. Ziwe vibandiko anavyovipenda. Wangu hupenda simba kuliko nukta. Kichwa kimeelekea mbele, macho tu ndiyo yanahama, sekunde 15 kila alama, kisha apumzike. Ukimaliza utaona kwa macho yako mwenyewe ni alama ipi iliyotuliza jicho. Mimi naweka dau kwenye kulia, kati ya 10 na 20. Hiyo ndiyo namba yenye kazi, kwa sababu eneo la utulivu linaweza kuletwa mbele kwa miwani ya prizimu, yenye vioo vinavyopindisha mwanga, au kwa upasuaji wa kuhamisha misuli ya jicho ambao Kestenbaum na Anderson, kila mmoja kivyake, waliueleza mwaka 1953. Shingo ikapumzika.

Uwianishaji wa mashine, yaani kuifundisha kwamba hapa ndipo sifuri na hapa ndipo 10, usiuachie programu. Yenyewe huchukua wastani wa mahali jicho lilipokuwa kwa sekunde mbili. Kwa jicho tulivu, sawa. Kwa jicho linaloserereka upande mmoja tu, wastani unaangukia pembeni ya kitu alichokuwa anakitazama, na kila kipimo kinachofuata kinarithi kosa hilo. Sifuri iwekwe kwenye mabapa. Tena fanya jicho moja moja, kwa sababu mwenye makengeza hatazami kwa macho yote mawili. Ukifunika jicho moja uangalie pia kama mchezo umebadilika: kuna nistagmasi ambayo hujitokeza au kuzidi pale tu jicho moja linapofunikwa, miruko ikipiga upande wa jicho lililo wazi na mserereko wake ukipoa badala ya kukaza. Mara nyingi ukikutana nayo kuna makengeza ya tangu utotoni.

Na kama grafu ya mtoto mwingine itakuja bila meno, inapanda na kushuka sawa kwa sawa kama pembea, usishangae programu ikiandika sifuri. Hakuna miruko, kwa hiyo haikuona cha kukata. Macho yanacheza, mashine inasema hayachezi. Amini macho.

Kwa mama, wiki hii, mwambie hivi: tulimpima siku mbili kwa namna mbili, ndiyo maana namba zimepishana; tutampima tena kutafuta upande anaoona vizuri; na kwa sasa asimkemee kugeuza shingo, mwalimu naye asimkemee, akae upande wa kushoto au kulia wa darasa kulingana na anavyougeuza uso. Huyu wenu anageuza kushoto, kwa hiyo ubao ukae kulia kwake: dawati la mbele, upande wa kushoto wa darasa akiutazama ubao.

Mdogo wako anitumie faili ghafi la Alhamisi, safu tatu tu: muda, jicho la kulia, jicho la kushoto. Picha za skrini nimezipima kwa rula mara moja, inatosha.